Mstari wa Nyanya Mdogo

Mwaka 1998, nikiwa na miaka saba, tulipanda basi kutoka Nairobi hadi Johannesburg, tukapita Tanzania na Zambia, ili wazazi wangu wakaunganishwe hekaluni. Mahari ilishalipwa zamani na cheti cha serikali kilikuwepo. Lakini kwetu sisi tunaoitwa Wamormoni, ndoa ya cheti mwisho wake ni kaburini, na mama hakutaka yake iishie hapo. Hekalu la Johannesburg ndilo lililokuwa la pekee Afrika nzima. Baba aliuza ng'ombe wawili kupata nauli.

Nakumbuka madhabahu, wazazi wamepiga magoti pande mbili, mikono yao imeshikana juu yake, na mkono wangu ukawekwa juu ya yao. Ukutani vioo viwili vilitazamana, vikituzaa nyuma yetu wenyewe mpaka tukawa vidoa. Nilimtafuta babu huko mwisho.

Babu alibaki Makueni. Kila Jumapili alikalia benchi la nyuma, lakini hakubatizwa kwa sababu alikuwa na wake wawili. Kanisa lilitangaza kuachana na mitala mwaka 1890, na hata pale sheria ya nchi inapoiruhusu, mwenye wake wawili habatizwi. Babu hakubishana. Alisema tu kwamba hamrudishi mtu kwao. Alikufa akiwa bado wa benchi la nyuma.

Ndipo mama alipoanza kuandika majina ya wafu wetu kwenye daftari la shule, ili siku moja walio hai wabatizwe na kuunganishwa hekaluni kwa niaba yao. Nyanya mkubwa, mke wa kwanza wa babu, hakujua tarehe. Mama mkwe wake alizaliwa "Ngomanisye ilipoisha", ile njaa kuu ya Ukambani ya mwishoni mwa karne ya 19, na mama akaandika: karibu 1900. Majina yalijirudia, maana mjukuu hupewa la babu yake, na mara nyingi tulichanganya wafu na walio hai. Nikiwa kijana niliiona kazi hiyo kama ukarani mtupu. Nilikosea sana. Siku nyanya mkubwa alipofika kwa mtoto wake aliyefariki kabla ya kupewa jina, alinyamaza, na mama akaweka kalamu chini mpaka giza likaingia.

Hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025. Nilikwenda kwa matatu. Nikabatizwa kwa niaba ya babu, katika kisima kilichobebwa na sanamu za ng'ombe kumi na wawili. Baadaye baba alipiga magoti badala ya babu, na mama badala ya nyanya mkubwa, aliyekuwa ameshatangulia. Marehemu huweza kuunganishwa na wake wote aliowaoa. Nililia, na sikuona haya.

Nyanya mdogo yu hai, na kubatizwa hataki. Nilipomweleza, aliuliza kama jina lake litakuwa chini ya la mwenzake au kando yake. Nikamfungulia daftari: kando, mstari mtupu. Aliupitishia kidole taratibu.

"Siku ukiniandika," akasema, "usitumie penseli."