Mama Yangu Si Shujaa, Amechoka Tu

Wasee, kuna maneno siku hizi yananikera. Mtu akimwona mama amembeba mdogo wangu, anasema, "Wewe mama ni shujaa. Mungu hampi mtu mzigo asioweza kubeba." Halafu anaenda zake.

Kwanza, mdogo wangu si mzigo. Ana miaka 9, ana mtindio wa ubongo, ile watu huita CP. Hatembei na hawezi kujilisha, lakini matatu ikipita na honi zake anacheka hadi sisi wote tunacheka. Kinacholemea ni vitu vingine. Ni ngazi za ploti, na sisi tuko ghorofa ya nne. Ni makanga akiona kiti cha magurudumu anajifanya gari imejaa. Na ni Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inayosema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia usafiri wa umma. Huyo makanga sijui kama ameisoma.

Halafu kuna doo. Serikali ina ile pesa ya Inua Jamii kwa familia zinazolea mtu mwenye ulemavu mkubwa, 2,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku 30, unapata kama bob 66. Hapo utoe daipa, nauli ya kwenda fizio na chakula laini. Haitoshi, na kuna wenye hawaipati kabisa.

Sasa sikizeni kitu kilichosaidia kwetu. Kuna dada jirani, anasoma chuo. Siku moja alimwambia mama, "Nifundishe kumlisha." Mama akamwonyesha: unamkalisha wima, kichwa kisilale nyuma, kijiko kidogo, unangoja ameze kabla ya kuongeza. Alijifunza Jumamosi tatu, mama akiwa hapo hapo. Jumamosi ya nne akamwambia mama atoke, arudi saa kumi.

Mama hakutoka. Alienda chumba cha pili akalala. Wiki iliyofuata ndiyo alienda chama, na hicho chama alikuwa amekiacha tangu mdogo wangu azaliwe.

Masaa mawili tu, lakini sijawahi kuona neno "shujaa" likimfanyia mama kitu kama hicho.

Naandika hii kwa sababu mwaka huu nimeitwa chuo, na ni Eldoret. Mama alifurahi, akanikumbatia, halafu akauliza polepole, "Sasa nani atanisaidia kumshusha ngazi?" Sina jibu kamili bado. Binamu yangu amesema atakuwa anakuja siku za fizio. Siku zingine bado tunatafuta mtu.

Kwa hivyo wewe, kama kwenu kuna mzazi anayelea mtoto kama mdogo wangu, usimwambie, "Ukihitaji kitu niambie." Atakuambia ako sawa, hata kama hajalala siku mbili. Mwambie siku na saa: "Jumamosi saa nane nakuja, unifundishe." Ukishasema, uje kweli, na wiki inayofuata uje tena, juu mara moja haitoshi kujifunza.

Na ukifika, anza kwa kumsalimia mtoto, kwa jina lake. Wengi hupita naye wakamsalimia mama pekee, na yeye huona.