Mama Mdogo Aliolewa Makina

Ukipanda matatu ya namba 46 kutoka katikati ya jiji, ukae tu hadi makanga atangaze kwamba gari limefika mwisho, basi umefika kwetu. Jina la Kawangware 46 lilitokana na namba hiyo ya gari, wala hatulionei haya. Katika ploti yetu yenye milango kumi na minne kuna Waluhya, Wakamba, Wakikuyu na Wanubi waliohama Kibera. Alfajiri mwadhini hutuamsha sote, na Jumapili makanisa ya mabati huwasha spika hadi masufuria yakatetemeka. Chumvi tunaombana bila kuulizana dini. Lakini kuoana, ah, hilo ni jambo jingine kabisa!

Mnamo mwaka 2018 mama mdogo, kitindamimba wa nyanya, alitangaza kwamba kuna kijana wa Kinubi kutoka Makina, Kibera, anayetaka kuleta wazee. Mjomba aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Kwani vijana wa kanisani wameisha?" akafoka. Nyanya ni Mkatoliki wa rozari mkononi, lakini ni mzaliwa wa Mumias, mji ambao Uislamu uliingia tangu karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa Kiswahili na Waarabu waliofika kwa Nabongo Mumia. Ana binamu Waislamu tele. Alimwacha mjomba afoke hadi akachoka, kisha akauliza kama kijana ana kazi. Ana kazi, ni fundi wa magari.

Siku ya posa walifika wazee sita wenye kanzu na kofia, na akina mama watatu wamebeba sinia za gurusa zilizofunikwa kwa vifuniko vya kusukwa vya rangi rangi. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi, kazi yangu ilikuwa kuwanawisha wageni mikono, kwa hivyo niliona mengi. Kwetu Magharibi mgeni huchinjiwa kuku, na firigisi, imondo kama tunavyoiita, ni ya mzee. Nani basi atamchinja kuku huyo hata Mwislamu naye ale? Kumbe nyanya alikuwa amekwisha kumwita jirani yetu Mwislamu asubuhi na mapema. Kuku walichinjwa, na hakuna aliyepata la kusema.

Patashika ilianzia kwenye mahari. Mjomba alitaja ng'ombe wanane. Mzee mmoja wa Kinubi alisikiliza kwa adabu, halafu akauliza, "Hao ni wa wazazi. Na bibi harusi mwenyewe tumpe nini?" Kimya kikatanda. Kwa Waislamu mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, si ya babake wala ndugu zake. Mama, aliyekuwa nyuma ya pazia akipakua chakula, alisema kwa sauti ya kutosha, "Haki hiyo hata sisi tungeipenda." Wanawake wakacheka, mjomba hakucheka. Mwishowe ng'ombe walilipwa kwa pesa, na mama mdogo akataja mahari yake: cherehani.

Mjomba alikuwa na swali moja zaidi, na kwa kweli halikuwa la kipuuzi. Shehe alikuwa ameeleza kwamba dini yao humruhusu mwanamume Mwislamu kumwoa Mkristo, bila kumlazimisha kusilimu. "Na kama ni dada yake huyu kijana angependwa na kijana wetu?" mjomba akauliza. Shehe alijibu kwa upole kwamba hapo kijana wetu angetakiwa asilimu kwanza. Mpaka leo sijaona jibu linaloniridhisha juu ya hilo, nami nimewauliza walimu wawili wa dini hapa shuleni.

Lakini msidhani upande wetu mlango ulikuwa wazi. Padre alieleza kwamba ndoa ya Mkatoliki na mtu asiyebatizwa huhitaji ruhusa ya Kanisa, na kwamba Mkatoliki huahidi kufanya kila awezalo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Nao Makina wanajua kwamba mtoto wa baba Mwislamu ni Mwislamu. Hebu piga hesabu: mtoto hajazaliwa, na tayari ameahidiwa mara mbili! Mama mdogo alikataa kutoa ahadi ambayo hakuwa na uhakika ataitimiza. Aliniambia baadaye, "Afadhali nikae benchi la nyuma kuliko kumdanganya Mungu mbele ya askofu." Na ndivyo anavyokaa. Huja misa na nyanya, wengine wakipanga foleni ya komunyo yeye hubaki ameinamisha kichwa. Yeye halalamiki, mimi ndiye ninayeumia.

Walioana kwa msajili wa ndoa, Sheria House, ndoa ambayo watu bado huiita "ya DC". Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na ile sehemu ya Kiislamu ni kwa wanaokiri Uislamu pekee. Basi asiyetaka kubadili dini hutoa notisi ya siku 21 na kuoana kiserikali. Ndoa hiyo ni ya mke mmoja tu. Nyanya aliposikia hivyo alisema, "Hapo serikali imenisaidia."

Mambo yalikwenda vizuri. Ramadhani mama mdogo hupika futari, Krismasi baba mdogo hununua mchele. Binti yao alizaliwa 2019 wakampa jina lililomo katika Biblia na pia katika Kurani, wajanja hao. Kisha, mwaka 2023, baba mdogo akaugua. Alilazwa majuma mawili, na usiku mmoja daktari alituambia tuombe.

Usiku huo ndio niliielewa ndoa hii. Wazee wa Makina walianza kunong'ona juu ya maziko, kwa kuwa Mwislamu huzikwa upesi, pengine siku ile ile. Mjomba akataka kujua mjane atakaa wapi. Nyumba yao ni ya Makina, kwenye ardhi ya Wanubi, wajukuu wa askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la mkoloni. Hati ya ekari 288 walikabidhiwa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 2 Juni 2017, lakini ni ya jumuiya nzima. Na katika sheria ya Kiislamu mke Mkristo harithi kwa mumewe, ila anaweza kuachiwa kitu kwa wasia usiozidi thuluthi ya mali. Angekwenda kwa Kadhi? Katiba ya 2010, kifungu cha 170, inaipa mahakama hiyo mambo ya ndoa, talaka na urithi pale tu ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali. Mama mdogo alikuwa ameketi kwenye korido, mtoto amelala mapajani, na wanaume wanazungumza juu ya nyumba yake kana kwamba hayupo.

Mungu ni mwema, baba mdogo alipona. Jambo la kwanza alilofanya alipopata nguvu ni kumwita shehe na wakili pamoja. Akaandika wasia. Kibanda cha ushonaji alimpa mkewe kama hiba, papo hapo, ili kisingoje kifo.

Mwaka 2025 binti aliingia Gredi ya Kwanza, na shule ikaleta fomu: CRE au IRE? Fomu ilikaa juu ya meza juma zima. Hatimaye mama mdogo ndiye aliyeandika IRE, kwa mkono wake mwenyewe, na akamwambia mumewe kwamba Jumapili mtoto ataendelea kwenda kwa nyanya. Baba mdogo alikubali. Yatakayofuata akibalehe na kutaka kuolewa, hao wawili hawajayazungumza, maana nilimuuliza mama mdogo akaniambia niende nikasome.

Mjomba hajakanyaga Makina hadi sasa. Ila Desemba iliyopita alimtuma mtu na kuku wawili. Walikuwa wazima, miguu imefungwa kwa kamba, ili wakachinjiwe huko huko.