Makuli wa Kigoma na Fomu ya Chama

Reli ya kati haiishii stesheni ya Kigoma. Abiria ndio wanaoishia hapo: wanashuka na mabegi yao mbele ya lile jengo la Wajerumani, wanabishana bei na bodaboda, kisha wanapanda Barabara ya Lumumba kuelekea mtaa wa Mwanga. Mabehewa ya mizigo husogea mbele kidogo, yakapita getini na kusimama gatini, ubavuni mwa meli. Kati ya behewa na meli pana hatua chache tu, na hatua hizo ndizo zinazowalisha watu hapa tangu reli ilipofika mwaka 1914.

Asubuhi niliyoingia kulikuwa na kazi ya saruji. Kijana alikuwa amekunja kiroba kikawa kama kofia ndefu inayoshuka hadi mgongoni. Aliinamisha shingo, wenzake wawili wakampandishia mfuko wa kilo 50, naye akaondoka kwa mwendo ambao si wa kutembea wala wa kukimbia. Mlangoni mwa behewa amekaa karani na kibao chake. Kila mfuko ukipita anavuta mstari; mistari minne ikisimama, wa tano unalazwa juu yao. Meli inakwenda Bujumbura. Nyingine itakwenda Kalemie au Uvira, na huko nako yupo karani mwenye kibao. Hesabu zisipolingana, simu inapigwa huku.

Nilimwuliza yule kijana wakati wa chai kama ameajiriwa. Akacheka. "Mimi kibarua, kaka. Waajiriwa ni wale wenye makoti." Wenye makoti ya kung'aa walikuwa kwenye kreni na foklifti. Yeye alimaliza kidato cha nne, na anachotaka si kuacha bandari bali kuhamia upande ule. Anajua njia yenyewe kwa kichwa: leseni ya kuendesha mitambo, kitambulisho cha NIDA, maombi kupitia tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, halafu usaili. "Zamani uliingia kwa mabega," alisema, "siku hizi ni kwa cheti."

Anayeingia kwa cheti hupokewa na mtu mwingine kabla hajazoea kelele za winchi: mzee wa chama. Nilimkuta kivulini, nikampa shikamoo yake, akaitikia huku akitafuta miwani. Chama cha wafanyakazi wa bandari nchini kinaitwa DOWUTA, nacho kiko chini ya shirikisho la TUCTA. Mzee alinionyesha fomu ya karatasi moja, TUF 6, ambayo mfanyakazi huijaza kumruhusu mwajiri akate ada kwenye mshahara na kuipeleka chamani. Hakuna anayelazimishwa kujiunga, na aliyejiunga anaweza kujitoa kwa notisi ya mwezi mmoja. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina ujanja wake: chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi ndicho kinachojadiliana kwa niaba ya wote, na kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba asiye mwanachama naye akatwe ada ya uwakala. Mkataba wa hali bora ukisainiwa, unamfunika hata aliyekuwa akinung'unika.

"Wageni wanauliza kwanza mshahara," mzee aliniambia. "Mimi nawaambia, mwanangu, uliza kwanza ukiumia inakuwaje."

Swali hilo lina uzito zaidi kwa kibarua. Sheria hiyohiyo inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, lakini kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mwenye chini ya miezi 6 kazini. Anayeitwa leo, akakaa kesho, akaitwa tena keshokutwa, miezi yake 6 anaianza kuihesabu wapi?

Eneo hili la bandari lina historia ya kupangishwa kwa bei za ajabu. Mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji sehemu ya bandari hapa Kigoma na nyingine Dar es Salaam, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite bila usumbufu, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Nadhani hata karatasi ya kuandikia stakabadhi ilikuwa hasara. Mabega yaliyobeba mizigo hiyo hayakutajwa kuwa na bei yoyote.

Lakini wabebaji wa upande huu hawakungoja sheria iwafundishe kudai. Nilipanda daladala hadi Ujiji, ambako kila mgeni hupelekwa kwenye mwembe kuonyeshwa mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Mwongozaji anasimulia vizuri. Mimi mawazo yangu yalikuwa kwa waliobeba mahema ya mabwana hao. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea kutoka pwani hadi hapa na mzigo wa kilo 30 hivi kila mmoja. Ujiji lilikuwa pia soko la pembe na la watumwa, kwa hiyo si kila aliyebeba alipenda. Wale wa ujira, hata hivyo, walijua thamani yao. Posho ikipunguzwa walitua mizigo chini, na msafara haukuondoka mpaka waelewane. Mwanahistoria Stephen Rockel amewaandikia kitabu kizima, akiwaita wafanyakazi wa ujira hasa. Na Livingstone alipofariki mwaka 1873, ni watumishi wake, kina Susi na Chuma, waliobeba maiti yake hadi Bagamoyo.

Makuli wa Dar es Salaam walifuata nyayo hizo. Mgomo wa 1939 uliongozwa na vibarua, watu wa kulipwa kwa siku. Ule wa Septemba 1947 ulianzia bandarini ukapanda na reli hii hii kuja bara, na mishahara ikaongezwa. Mwaka 1950 mgomo mwingine ulishindwa, chama chao kikavunjwa. Uhuru ulipokuja vyama vikaunganishwa: NUTA mwaka 1964, JUWATA 1978, mpaka vilipoachiwa tena kila kimoja kisimame chenyewe. Katika safari yote hiyo vyama vilizidi kuwa vya wenye mkataba, na kibarua aliyevianzisha akabaki akichungulia getini.

Ukitaka kumwona, nenda Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji. Huku boti za mbao zinapakia kwenda Kagunga, Burundi na Kongo: saruji, magodoro, kreti za bia. Zinarudi na mawese katika madumu ya njano na dagaa ndani ya viroba. Makuli wanaingia majini hadi kiunoni au wanapita juu ya ubao unaopinda. Bei hupatanwa papo hapo, kwa kipande, boti kwa boti. Tanzania iliridhia mwaka 1983 mkataba namba 137 wa Shirika la Kazi Duniani, unaotaka wapakizi wa bandarini waandikwe kwenye daftari na walioandikwa wapewe kazi kwanza. Makuli wa San Francisco waligoma kudai jambo hilo hilo mwaka 1934: nani aitwe leo isiwe hiari ya nyapara.

Daftari hilo Kibirizi lipo. Ni daftari la kaunta lenye jalada gumu, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni lisiloe, na analo kiongozi wa kikundi. Ukurasa mmoja una majina na zamu. Mwingine una michango ya ugonjwa na ya misiba. Asiye kwenye orodha hapandi ubao mpaka waliomo wamalizike. Aliyevunjika kidole mwezi uliopita ameandikiwa "mapumziko", na zamu yake inauzwa kwa niaba yake. Mimi hiki nakiita chama, kiwe kimesajiliwa au hakijasajiliwa.

Kiongozi mwenyewe anataka kisajiliwe. Alinitolea simu kunionyesha picha ya ile fomu ya TUF 6, aliyoipiga kwa mzee wa bandarini.

"Hapa panataka jina la mwajiri, kaka. Nimwandike nani?"

Nikamwambia amwandike mwenye boti.

"Boti ile ina wenyewe watatu. Mmoja yuko Uvira, mmoja amefariki, na wa tatu ndiye yule pale, mwenye dumu begani."