Bokoboko la Ijumaa

Mwaka wangu wa kwanza kupikia wazee, katika nyumba yao mjini Unguja, nilidhani kazi ni chakula kiive, kitoshe na kiwahi. Sahani zikirudi nusu, nilisema wamekosa hamu.

Siku moja nikatoka jikoni, nikaketi karibu na bibi mmoja aliyeacha nyama kila siku. Aliitafuna, akafyonza mchuzi wake, kisha akaitoa kwa vidole na kuibana pembeni mwa sahani. Jino lilibaki moja.

“Mwanangu, nyama yako tamu,” akaniambia, “ila hainishuki.”

Niliona haya. Wiki ngapi nimempakulia nyama asiyoweza kuila?

Ijumaa ile nikapika bokoboko. Ngano niliirowesha usiku kucha, ikachemka na kuku mpaka ikalainika. Mifupa niliitoa kwa kupapasa kwa vidole, maana macho hudanganya. Nikasonga kwa mwiko, mkono ukauma, mpaka ngano na nyama vikawa kitu kimoja. Samli kidogo, mdalasini, chumvi ya kugusia tu. Wazee wengi walikuwa na presha, na ulimi wa uzeeni hauonji kama zamani; ukiwafuata, utaizidisha chumvi. Ladha niliitafuta kwenye ndimu, tangawizi na bizari. Bibi alimaliza sahani, akaomba tena.

Wali wa mwiku ndio ulionigombanisha na mpishi mwenzangu. Yeye alisema ukichemshwa asubuhi hauna neno. Lakini wali uliolala sufuriani katika joto la kwetu huweza kujenga sumu isiyotoka kwa kupashwa moto, na tumbo linalomwendesha kijana siku moja humlaza mzee kitandani. Kutupa wali kuliniuma, nimelelewa kuona ni dhambi. Basi nikapunguza kipimo cha jioni, tukapika kwa kuhesabu vichwa.

Maji nayo sikungoja waombe. Kiu ya mzee huchelewa. Nilipita na birika kila baada ya muda, na uji mwepesi alasiri.

Bibi yule mwishoni hakuweza tena hata bokoboko. Nikamlisha uji kwa kijiko cha chai, ameketi wima, mto mgongoni. Macho yangu yalikuwa kooni mwake: kijiko cha pili hakiendi mpaka cha kwanza kishuke. Kikishuka, alinigusa kiganja, nami nikachota tena.