Chombo Kilichouzwa Mbele ya Fundi

Pwani ukitaja chombo, watu hufikiria jahazi au mashua. Gairo, katikati ya njia ya Morogoro na Dodoma, ambako hakuna ziwa wala bahari, chombo kwa miaka mingi kilikuwa baiskeli. Kijana wa leo akisikia kwamba baiskeli iliyokwisha tumika iliweza kujadiliwa asubuhi nzima, watu wazima watano wameizunguka, hucheka. Kwake bei ya kitu kilichotumika ni hesabu ya haraka: kipya kinauzwaje, punguza kidogo, tupatane. Kicheko chake kina haki ya kujibiwa, kwa sababu ile asubuhi haikupotea bure. Wale watu walikuwa wakitafuta bei ambayo kila shilingi yake ingeweza kutajiwa sababu mbele ya mtu wa tatu anayekijua chombo. Sijaona maana nyingine ya bei ya haki iliyo bora kuliko hiyo.

Mtu wa tatu alikuwa fundi baiskeli. Mahali pake pa kazi palijulikana kwa pua kabla ya macho: solusheni ya kubandikia viraka, mpira uliokwanguliwa kwa msasa, grisi iliyochanganyika na vumbi jekundu, na karai la maji machafu ambamo tyubu ilizamishwa ili mapovu yaseme pancha iko wapi. Hapo ndipo muuzaji na mnunuzi walipopelekana. Fundi hakuanza na kengele wala rangi. Aliipindua baiskeli, akazungusha gurudumu la nyuma na kutazama kama rimu inayumba. Akashika mkono wa pedali na kuutikisa kuelekea kwenye fremu, asikilize gololi. Akauvuta mnyororo kwa vidole kutoka kwenye gia ya mbele: ukiinuka hadi meno yaonekane, umelika, na mnyororo uliolika hauhesabiwi peke yake, maana mpya ukifungwa juu ya gia kuukuu utaruka. Mwisho alipitisha kidole kwenye shingo ya fremu, pale rangi inapovimba kabla chuma hakijapasuka. Fremu iliyochomelewa ilishusha bei kuliko matairi mawili yaliyokwisha, kwa kuwa tairi hununuliwa na shingo ikivunjika mlimani mtu hufa.

Na historia ya chombo ilisomwa kwenye chombo chenyewe. Baiskeli ya kushuka nayo kutoka milimani Nongwe na mzigo wa viazi ilikuwa imekula breki na rimu. Iliyobeba maji ilikuwa imelegea keria na spoki za nyuma, kwa maana madumu manne ya lita ishirini ni kilo themanini kabla mwendeshaji hajapanda, na maji ya Gairo yana chumvi, hayakihurumii chuma. Taa na dainamo viliongeza kitu, lakini si kikubwa. Muuzaji aliyesema alikitunza aliulizwa mbona pedali moja ni mpya. Kila kasoro ilipewa gharama ya kuitengeneza, gharama hiyo ikatolewa, na kilichobaki ndicho kilichobishaniwa. Sheria ya mauzo ya bidhaa tuliyoirithi kwa Mwingereza inasema kwamba pande mbili zisipokuwa zimepanga bei, mnunuzi atalipa bei ya kuridhisha, na kwamba bei ya kuridhisha ni jambo la kutazama mazingira ya kila shauri. Wale wazee wa karai la maji hawakuisoma, ila ndivyo walivyoamua.

Wapo watakaosema haya ni mapambo ya kumbukumbu. Kwamba miaka ya uhaba wa bidhaa haikuwa na bei ya haki hata kidogo. Hoja hiyo ina uzito. Tume ya Taifa ya Bei iliundwa kwa sheria ya 1973, na katika miaka hiyo baiskeli mpya ya Swala, ile iliyotengenezwa Dar es Salaam, ilikuwa na bei yake rasmi. Isichokuwa nacho ni kuonekana dukani. Hivyo Phoenix ya Mchina au Raleigh kongwe iliyo mkononi ingeweza kuuzwa kwa zaidi ya mpya iliyo kwenye karatasi. Lakini tazama kilichofuata: bei ya karatasi iliposhindwa kusema chochote, ujuzi wa fundi ndio uliobaki kutofautisha kikuukuu na kibovu. Uhaba ulipandisha bei zote. Haukufuta tofauti kati ya chombo na chombo.

Hoja ya pili inauma zaidi. Fundi naye alikuwa na tumbo, na cha juu hakikuanza juzi. Ni kweli, ila fundi wa mji mdogo alijua baiskeli aliyoisifia Jumamosi italetwa kwake Jumatatu ikiburuzwa, na aliyeinunua ana domo. Hofu hiyo ilifanya kazi ambayo kiapo hakifanyi. Nisichoweza kukitetea ni jambo lingine: benchi la fundi lilikuwa la wanaume. Mjane aliyeuza baiskeli ya marehemu hakuketi pale. Aliletewa bei nyumbani. Na aliyeuza Januari, ghala likiwa tupu na mahindi yangali mabichi shambani, aliuza kwa bei ya njaa, fundi awepo asiwepo. Aliyengoja Julai alipata tofauti ambayo gololi na mnyororo haviwezi kuieleza.

Kisha soko likafunguliwa, baiskeli zikajaa, na pikipiki zikazifuata. Gairo ikamegwa kutoka Kilosa na kuwa wilaya mwaka 2012. Wakati huo bodaboda walikuwa wameshajipanga stendi. Leo swali la kwanza ni kadi iko kwa jina la nani. Ni swali zuri, maana pikipiki bila kadi ni kesi inayotembea. Ila baada ya kadi maswali huisha. Mita ya kilomita imekufa tangu zamani, injini imefunguliwa mara ambazo hakuna aliyezihesabu, na pikipiki ya Boxer iliyolipiwa hesabu kwa tajiri kila jioni kwa mwaka mzima, yaani iliyokamuliwa na mtu ambaye bado haikuwa yake, inauzwa kwa bei ileile ya iliyopelekwa kanisani tu. Na mnunuzi akitumiwa picha kwenye simu, picha haina mkono wa pedali wa kutikiswa. Mafundi wapo, tena wengi na hodari, ila wanaitwa baada ya hela kutoka.

Kando ya barabara kuu pikipiki imeegeshwa kwa stendi ya pembeni. Kwenye tanki kimebandikwa kipande cha boksi kilichoandikwa INAUZWA, na chini yake namba ya simu. Bei haikuandikwa, na mwenyewe hayupo.