Msitu Katika Chungu

Huenda wajiuliza mti wa bonsai, udumazwao chunguni kwa makusudi, una funzo gani kwa mzazi. Mimi naliona kila nimkumbukapo marehemu John Naka wa Los Angeles, aliyefariki mwaka 2004 baada ya kuwafundisha Wamarekani wengi sanaa hiyo ya Kijapani. Alikuza msitu mdogo wa miti 11 ya jamii ya mtarakwa, kila mti kwa mjukuu wake mmoja. Mwaka 1984 akautoa uwe mali ya umma mjini Washington. Ungali hai, ukipogolewa na mikono mingine iliyofunzwa. Basi tuwaachiapo wanetu mali, tuwaachie na ujuzi wa kuitunza. Mti wa chunguni haustahimili kusahauliwa.