Kidete: Ndoano Mkononi, Jicho Majini

Anayeshuka stesheni ya Kidete, wilayani Kilosa, huliona bonde kabla ya kuuona mto. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, hapa inaandamana na Mto Mkondoa katikati ya milima.

Kidete ina bwawa lililojengwa enzi za ukoloni ili kupunguza makali ya mafuriko. Mvua za mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 zililishinda. Bwawa lilibomoka, reli kati ya Kilosa na Gulwe ikakatika, na maelfu ya watu wilayani wakakosa makazi.

Ndiyo maana uvuvi wa ndoano mahali kama hapa huanza na somo la maji, si la samaki.

Asubuhi moja mzee mmoja alimpeleka mjukuu wake wa kike mtoni. Vifaa vyao vilikuwa vichache: ufito, mshipi, chubwi kidogo, kipande cha bua kiwe boya, na kopo la nyungunyungu wa chambo. Walikaa pale maji yanapotulia baada ya kupita kwenye mawe, kwa maana kambale hupenda matope na utulivu.

Mtoto alipata perege mmoja, kisha wa pili, mdogo kama kiganja. Babu akamrudisha majini huyo wa pili. Perege jike hulea mayai na vifaranga kinywani mwake. Anayevua kwa chandarua huzoa mama na watoto kwa mkupuo mmoja. Anayemwaga utupa au sumu nyingine huua hata wasioliwa, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu.

Mara boya likazama. Ufito ukapinda. Mtoto akapiga kelele za furaha, maana aliyenasa alikuwa kambale mzito. Lakini babu alikuwa anatazama kwingine: maji yalikuwa yamegeuka rangi, yakileta povu, majani makavu na vijiti. Mbingu ya Kidete ilikuwa nyeupe, hakuna wingu.

Mto huu hulishwa na Kinyasungwe, unaotoka upande wa Dodoma. Mvua ikinyesha huko usiku, Kidete huletewa maji mchana, jua likiwaka. Babu alikata mshipi kwa kisu, akamshika mjukuu mkono, wakapanda ukingo. Mtoto alilia kwa ajili ya kambale wake. Hakulia muda mrefu: waligeuka wakakuta jiwe walilokalia halionekani tena.

Siku hizi treni ya umeme, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, hulipita bonde hili kwa kasi. Abiria huenda asiwaone wenye fito ukingoni. Wao huendelea kutafuta kitoweo, na mzazi mwenye busara humfundisha mwanawe kusoma rangi ya maji kabla ya kumfundisha kufunga ndoano.

Jioni ile perege mmoja aligawanywa kwa watu wanne, na mchuzi ukaongezwa maji. Hakuna aliyelalamika.